Boda Boda Ilizaliwa Kwetu: Historia ya Safari, Ajali na Kupona

Leo sitaanza na dawa wala chanjo. Nitaanza na historia, kwa sababu ajali za pikipiki tunazouguza kila wiki zina mwanzo wake, na mwanzo huo uko hapa mpakani kwetu. Anayejua jambo lilikotoka hujua pia mahali pa kulizuia.

Mpaka na baiskeli

Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya. Mpaka mpya ukapita katikati ya watu wetu. Wateso wakawa huku na huku, Wasamia vivyo hivyo. Mtu akawa na shamba Kenya na shangazi Uganda.

Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, Kenya mwaka 1963. Katika miaka hiyo ya sitini, pale Busia, kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Gari halikuvuka bila karatasi nyingi, na abiria aliyeshuka na mzigo wake ilimbidi aubebe mwenyewe juani. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakatia mto kwenye kiti cha nyuma, wakasimama njiani wakiita, "Boda! Boda!" yaani, nikuvushe kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Jina hilo, ambalo leo linatajwa Nairobi na Kampala, lilitoka kwenye midomo ya vijana wa mpakani. Katika miaka ya sabini, wakati wa utawala wa Idi Amin, baiskeli hizo hizo zilibeba na magendo, hasa kahawa kutoka Uganda.

Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wa waendesha baiskeli wa Malaba. Alitusimulia kwamba ajali ya siku zile ilikuwa ndogo. Mtoto aliyepakiwa nyuma alitia kisigino katika spoku za gurudumu, akachubuka au akavunjika kifundo. Mama alianguka na kapu lake, akafuta vumbi, akaendelea na safari. Mwendo ulikuwa wa miguu ya mtu, na mtu huchoka.

Sasa angalia kilichofuata. Katika miaka ya tisini pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baiskeli upande wa Uganda. Kwetu Kenya, mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo, zile ambazo injini yake haizidi 250cc. Kijana ambaye hakuweza kununua gari sasa aliweza kununua pikipiki kwa mkopo. Kufikia mwaka 2011 pikipiki mpya zilizoandikishwa nchini kwa mwaka mmoja zilikuwa zimepita laki moja. Kazi ikapatikana, na mama mjamzito wa kijijini akapata njia ya kufika hospitali usiku. Hatuwezi kuibeza boda boda, imetulisha na imetuokoa.

Lakini, mama, kiti kilibaki kile kile. Kiti kilichobuniwa kuvusha mtu nusu maili kwa mwendo wa pole sasa kinakimbia kilomita sitini kwa saa, kikipenya kati ya malori yaliyopanga foleni kuelekea Malaba. Mwili wa mtoto wako haukubadilika, wala mfupa haukuwa mgumu zaidi kwa sababu injini imekuja.

Kisa cha nyumbani kwetu

Nitawaambia kisa ambacho sikukisoma katika kitabu. Mwaka 2010 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wangu wa kwanza. Mdogo wangu, kijana wa miaka kumi na saba, alipanda pikipiki ya rafiki yake jioni, kukawa na mvua, wakateleza. Alivunjika mguu chini ya goti. Mfupa haukutoka nje, hakukuwa na damu nyingi. Nyumbani hapakuwa na pesa, kwa hiyo wazee wakaamua aitwe mtaalamu wa kuunga mifupa wa kijijini. Mzee yule alikuja kwa nia njema. Aliunyoosha mguu, akaupanga vijiti pande zote, akaufunga kwa kamba ya mpira, akakaza.

Nilifika nyumbani siku ya pili. Mdogo wangu alikuwa akilia kwa maumivu yaliyozidi yale ya siku ya ajali. Niligusa vidole vyake vya mguu, vilikuwa baridi. Nilibonyeza ukucha, rangi haikurudi. Nilimwambia mama, "Mama, hii kamba ifunguliwe." Mama akamtazama baba mkubwa, baba mkubwa akasema maumivu ni ishara kwamba mfupa unashika. Mimi nilikuwa msichana, na mgeni katika kazi ile. Nikanyamaza kwa heshima.

Siku ya nne vidole vilikuwa vyeusi. Tulipofika hospitali daktari hakuwa na la kufanya ila kuukata mguu chini ya goti ili kuokoa maisha. Mama yangu aliniuliza, "Wewe ulijua?" Nilijua. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba heshima ya kunyamaza inaweza kugharimu mguu wa mtu.

Waunga mifupa na madaktari

Sisemi haya ili kuwadharau wazee wetu. Hata huko Ulaya, elimu ya mifupa ilipitia mikononi mwa waunga mifupa wa vijijini. Hugh Owen Thomas, daktari aliyefanya kazi Liverpool, Uingereza, na kufariki mwaka 1891, alikuwa mtoto wa muunga mifupa wa Wales. Yeye alisomea udaktari, akaunganisha elimu ya nyumbani na ya chuoni. Alibuni banzi la chuma la kunyoosha mguu, akasisitiza kwamba mfupa unataka mapumziko marefu yasiyokatizwa. Baada ya kifo chake, banzi hilo lilitumiwa katika Vita Kuu vya Kwanza kuwasafirisha askari waliovunjika mapaja, na wengi waliokuwa wafe wakafika hospitali wakiwa hai.

Katika miaka ya 1850 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alionyesha jinsi ya kufunga mvunjiko kwa kitambaa chenye unga wa jasi unaoganda. Hiyo ndiyo plasta tunayoijua. Mwaka 1939 Gerhard Küntscher wa Ujerumani alianza kutia chuma ndani ya mfupa wa paja, na mgonjwa akaweza kusimama mapema badala ya kulala miezi. Mwaka 1999 daktari Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha shirika liitwalo SIGN, linalozipatia hospitali za nchi maskini vyuma vya aina hiyo, na hospitali za Afrika Mashariki ni miongoni mwao.

Kwa hiyo kufunga mguu kwa banzi si kosa. Kosa ni kufunga bila kuona, na kukaza bila kuangalia damu inapita au haipiti. Misuli ikikosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa, na ikifa hairudi. Ndiyo maana nawaambia, mama, katika mguu au mkono uliofungwa, vidole ndivyo vinavyosema. Viache wazi, vitazame, viguse. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, fungua kitambaa kama ni cha nyumbani, na uende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hata kama plasta ilifungwa na daktari, rudi. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Kofia iliyochelewa

Kuna historia nyingine ya kujua, ya kichwa. Mwezi Mei 1935 Mwingereza mashuhuri, T. E. Lawrence, alianguka na pikipiki akiwa hana helmeti, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo. Alichunguza ajali za askari waliokuwa wakipeleka barua kwa pikipiki, akaandika mwaka 1941 kuhusu jinsi helmeti inavyookoa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likawaamuru askari hao kuivaa. Raia wa huko walilazimishwa na sheria mwaka 1973 tu. Kwetu Kenya, sheria ya barabarani iliyorekebishwa mwaka 2012 inasema mwendeshaji na abiria wote wavae helmeti na jaketi inayong'aa, na abiria awe mmoja tu.

Tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi. Najua mnavyosema: helmeti ya abiria inanuka, inaharibu nywele, imevaliwa na watu kumi. Funga kitambaa chepesi kichwani, kisha uvae, na ukaze mkanda wa kidevuni. Helmeti isiyokazwa huruka kabla yako. Leso ikunje vizuri isifike kwenye gurudumu. Mtoto usimkalishe mbele juu ya tangi. Na ukiona mwendeshaji amelewa, au amekwisha kupakia mwingine, mwache aende. Shilingi hamsini alizokupunguzia hazinunui mfupa.

Ajali ikitokea

Kwanza, usikubali majeruhi ainuliwe mikono na miguu kama gunia. Mgongo au shingo ikiwa imeumia, kumkunja kunaweza kumpooza. Alazwe juu ya ubao au mlango, kichwa na mwili vikiwa sawa, watu kadhaa wakishika kwa pamoja. Usiivute helmeti kwa nguvu. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia. Mguu uliovunjika uufunge pamoja na ule mzima, pole pole, bila kukaza. Usiupake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala mafuta ya breki. Mahali palipochubuka au kuungua kwa bomba la moshi, mwagia maji safi. Mwambie muuguzi ukumbuke au usikumbuke chanjo ya pepopunda, ili apate nyingine akihitaji.

Aliyegongwa kichwa, hata kama ametembea mwenyewe hadi nyumbani, asiachwe peke yake. Akitapika mara kwa mara, akisinzia asiamke vizuri, akichanganya maneno, akitokwa na damu au maji masikioni, huyo ni wa hospitali mara moja.

Miezi ya kuuguza

Hapa ndipo kazi yako, mama, inapokuwa kubwa, kwa sababu hospitali humpa mgonjwa siku chache, na nyumbani humpa miezi. Mkono wa mtu mzima huchukua wiki sita hadi nane hivi. Mfupa wa paja au wa muundi huchukua miezi mitatu, minne au zaidi. Mtoto hupona haraka kuliko mtu mzima. Usikubali plasta ikatwe na jirani kwa sababu inawasha.

Mpe chakula cha kujenga mwili: maharagwe, omena, mayai, maziwa, mboga za kienyeji. Havihitaji kuwa vya bei. Sigara na pombe vizuiwe, maana sigara huchelewesha mfupa kushika. Asiyeweza kujigeuza, mgeuze kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na utazame makalio na visigino visipate vidonda. Kama kuna waya au chuma kinachotoka nje ya ngozi, kioshwe kama ulivyoelekezwa, na usaha au harufu ikitokea mrudishe.

Plasta ikitoka usishangae kuona mguu umekonda na goti limekauka. Hapo ndipo mazoezi ya viungo huanza. Wengi huyaacha kwa sababu yanauma na nauli ni ghali. Muombe mtaalamu akufundishe wewe mlezi, ufanye naye nyumbani asubuhi na jioni. Na usimsahau moyoni. Kijana aliyekuwa akileta unga nyumbani, leo amelala, deni la pikipiki linadai, hukasirika na kukata tamaa. Zungumza naye, mpe kazi ya kukaa. Nawe pia omba mtu akupokee siku moja, ulale.

Jambo la mwisho ni pesa. Tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imeondoka, na SHA imechukua nafasi yake. Jiandikishe wewe na watoto kabla ya ajali. Sisi tulikaa nyumbani siku nne kwa kuogopa gharama, tukalipa gharama kubwa kuliko ile tuliyoiogopa.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mdogo wangu leo anatembea kwa mguu wa bandia, na ni fundi wa pikipiki, ana mke na watoto wawili. Mama yangu bado yuko hai. Akisikia mtoto wa jirani amevunjika, huenda na kuketi kando ya kitanda, na kabla hajauliza habari hufunua shuka, akagusa vidole. Nawe ufanye hivyo hivyo.

Mkiwa na swali, muulizeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu, au mfike katika zahanati iliyo karibu. Safari njema, na kila mmoja afike kwake salama.