Harith Muhasibi, Mtu wa Kuihisabu Nafsi

Mwaka 1443 wa Hijria ilitimia miaka 1,200 tangu afariki Baghdad Harith bin Asad, mzaliwa wa Basra, aliyepewa lakabu ya Muhasibi kwa kuwa hakuchoka kuihisabu nafsi yake. Na mimbari zetu, ambazo kila Shaabani hutuhimiza tujihisabu, sikuzisikia zikimtaja.

Hasan al-Basri alikwisha kuinena habari ya kujihisabu zaidi ya karne moja kabla yake. Harith aliisogeza nyuma hata kwenye nia: dhamiri isimame kama bawabu mlangoni mwa moyo, tendo halijatendeka, iliulize kila wazo linalobisha limetoka wapi, kisha nayo isijiamini mno, kwani ria huvaa kanzu ya ibada. Asimulia sufi al-Qushayri kwamba baba yake Harith aliacha dirham 70,000, na mwana, fukara wa dirham moja, hakugusa urithi ule kwa kuwa mzee alikuwa na itikadi ya Kikadari, ya wanaoikanusha kadari. (Mimi ningalikwisha kumtafuta mufti wa kunihalalishia.)

Lakini Imam Ahmad bin Hanbal hakumridhia, kwa vile alivyojiingiza katika ilimu ya kalamu, ya kuijadili itikadi kwa hoja za akili. Akhubiri mwanahistoria al-Khatib al-Baghdadi kwamba Imam alimwomba rafiki yake mmoja amwalike Harith na wanafunzi wake nyumbani, naye akajificha ghorofani asikilize. Waliposwali isha waliketi kimya hata karibu na usiku wa manane, ndipo mmoja akauliza suali, na Harith akaanza kunena, wenzake wametulia kana kwamba vichwani mwao mmetua ndege, huyu alia, yule aguta. Mwenye nyumba akapanda juu, akamkuta Imam amelia hata amezimia. Alipozindukana alikiri kwamba hajapata kusikia maneno kama yale. Hata hivyo, akamwambia mwenyeji wake, sioni vema usuhubiane nao.

Mwanahistoria Dhahabi aliitilia shaka hadithi hii; mimi naipenda, kwa kuwa yaonyesha moyo uliokwisha kutekwa na hukumu isiyotikisika ndani ya kifua kimoja. Wafuasi wa Imam hawakuwa na machozi hayo: walimwandama Harith hata akajificha, na jeneza lake, miaka 2 baada ya kufa Imam mwenyewe, likaswaliwa na watu 4.

Ghazali alivisoma vitabu vyake na kumtaja kwa jina. Mwaka 1940 kitabu chake *Riaya* kilichapishwa London, na mwaka huo huo Abdel Halim Mahmud, aliyekuja kuwa Sheikh wa Azhar, akamwandikia tasnifu Paris. Huku kwetu wanafunzi wa vyuoni wamjua Ghazali. Juu ya aliyesomwa na Ghazali hawajaulizwa katika mtihani wowote niujuao.