Barakoa ya Pumzi: Historia ya Woga na Uokoaji

Nilizaliwa katika kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Nilipokuwa darasa la sita, kijana mmoja alitolewa majini akiwa hapumui. Mzee mmoja aliinama ampulizie pumzi, lakini mwenzake akamshika bega: “Ana damu mdomoni. Unajua ana ugonjwa gani?” Mzee akasita. Kesho yake tulimzika yule kijana. Insha hii imetokana na swali nililobaki nalo: woga ule ulitoka wapi?

Kwanza nilidhani ulianza na Ukimwi. Sivyo. Mwaka 1732, huko Alloa, Scotland, daktari William Tossach alimpulizia pumzi mdomo kwa mdomo mchimba makaa aliyeonekana amekufa, naye akazinduka. Mwaka 1767, chama cha kuwaokoa waliozama kilianzishwa Amsterdam. Hata hivyo, wengi waliona kinyaa, wakaanza kutumia mivukuto, kama ile ya kuchochea moto, kusukuma hewa mapafuni. Kwa hiyo, binadamu alitafuta kifaa cha kutenganisha midomo miwili hata kabla hajajua vijidudu ni nini.

Katika miaka ya 1950, James Elam na Peter Safar walithibitisha nchini Marekani kwamba hewa tunayoitoa bado ina oksijeni ya kumtosha mgonjwa. Miaka hiyohiyo, nchini Denmark, Henning Ruben na Holger Hesse walitengeneza mfuko unaominywa kwa mkono na kujijaza hewa wenyewe.

Kisha, mwaka 1981, Ukimwi ukatambuliwa Marekani. Mwaka uliofuata ukaonekana kwetu, eneo la Rakai, miongoni mwa wavuvi. Woga ukarudi kwa nguvu, ingawa virusi hivyo haviambukizwi kwa mate. Ndipo barakoa ndogo za mfukoni zenye vali ya njia moja zilipoenea: pumzi ya mwokoaji inapita, lakini mate na damu ya mgonjwa havimrudii.

Mwaka 2008, Shirika la Moyo la Marekani lilishauri kwamba asiyefunzwa akimwona mtu mzima ameanguka ghafla, akandamize kifua tu. Ushauri huo unafaa pale moyo unaposimama wenyewe. Aliyezama ni tofauti: amekosa hewa kwanza, kwa hiyo anahitaji pumzi pia, mbili kwa kila mikandamizo 30.

Siku hizi simlaumu tena mzee yule. Historia imenionyesha kwamba woga wake una umri wa karne nyingi, na kwamba haukuondolewa kwa lawama bali kwa elimu na kifaa kinachoenea mfukoni. Mwaloni kwetu kuna mizani ya samaki, nyavu na injini. Barakoa ya pumzi bado haipo.