Kijana, pokea oda kabla ya kununua fulana

BIASHARA ya kuchapisha fulana huwavutia vijana wengi ambao wangali shuleni kwa sababu haihitaji duka wala mashine. Fulana tupu hununuliwa kwa bei ya jumla, mchoro hupelekwa kwa wapiga chapa kama wale wa River Road jijini Nairobi, na wateja huwa ni wanafunzi wenzake, kwaya ya kanisa au jamaa wanaoandaa mkutano wa ukoo. Hata hivyo, mtaji, ambao mara nyingi ni akiba ya mama, unaweza kupotea wote katika jaribio la kwanza.

Kosa kubwa ni kununua rundo la fulana za saizi za kukisia, kuzichapisha jina alilobuni mwenyewe, kisha kuanza kutafuta mnunuzi.

Ni sharti kijana aielewe kazi yenyewe. Katika uchapishaji wa fremu, kitambaa chembamba huwambwa kwenye fremu na kupakwa dawa inayoganda inapopigwa na mwanga. Sehemu ya mchoro hubaki wazi, na wino husukumwa kupitia hapo kwa kibao chenye ukingo wa mpira. Kila rangi huhitaji fremu yake, na gharama ya kutengeneza fremu ni ile ile ziwe fulana 5 au 100. Kwa hivyo, anayeanza hufaidika zaidi na mchoro wa rangi moja katika oda yenye fulana nyingi.

Wino wa plastiki unaotumiwa sana hushika barabara kwenye joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi. Usipofikia joto hilo, hupasuka na kubanduka fulana inapofuliwa. Fulana ya mfano na ifuliwe mara kadhaa nyumbani kabla ya nyingine kuchapishwa.

Tuchukue mfano wa fulana 30. Ikiwa kila moja inanunuliwa kwa Sh250 na kuchapishwa kwa Sh100, fremu ni Sh1,500 na nauli Sh600, jumla ni Sh12,600. Zikiuzwa zote kwa Sh500, mapato ni Sh15,000 na faida Sh2,400. Lakini tatu zikiharibika na mbili zikikosa mnunuzi, mapato ni Sh12,500. Mwenye biashara amepata hasara ya Sh100, na bado hajajilipa hata senti moja kwa wikendi alizozitumia.

Dawa ya hali hiyo ni malipo ya awali. Kila mteja akitoa nusu ya bei, yaani Sh250, zitapatikana Sh7,500 ambazo zinatosha kununua fulana zote tupu. Asiyekubali kulipa chochote mapema huenda pia asionekane siku ya kuchukua fulana yake, hata akiwa binamu.

Orodha ya saizi na maneno ya kuchapishwa iandikwe, kisha mteja aikague na kutia sahihi. Sisi wahariri tukikosea jina la mtu huomba radhi katika toleo la kesho. Fulana haina toleo la kesho.

Kishawishi kingine ni kuiga nembo za kampuni maarufu za mavazi au klabu za soka. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inaharamisha jambo hilo, na bidhaa zinaweza kunaswa na kuharibiwa. Nguo za mabaka zinazofanana na sare za jeshi nazo haziruhusiwi kwa raia.

Aliye chini ya umri wa miaka 18 hana kitambulisho cha taifa, na mkataba anaoutia sahihi huenda usitambuliwe kisheria. Oda kubwa, kwa mfano ya shule nzima, yafaa itiwe sahihi na mzazi au mlezi. Usajili wa jina la biashara unaweza kungoja hadi wateja waanze kurudi wenyewe.

Oda ikikamilika, kijana aulize mapema fremu itabaki kwa nani. Baadhi ya wapiga chapa huifuta mara moja ili waitumie tena, na mteja akirudi mwezi ujao kutaka fulana 10 zaidi za mchoro ule ule, zile Sh1,500 zitalipwa upya.