Mungu Aliwaongoza Wengine Pia

Nabii Amosi, mchunga kondoo wa Tekoa, alihubiri zaidi ya miaka 2,700 iliyopita. Waisraeli walijisifu kwamba Mungu aliwatoa Misri. Amosi akawaambia kwamba Mungu yuleyule aliwatoa Wafilisti Kaftori na Waaramu Kiri. Na hao walikuwa adui zao!

Sisi wa Uvira tunaijua safari hiyo. Mwaka 1993 Warundi walivuka Ruzizi, wakakimbilia kwetu. Mwaka 1996 vita vilitufikia, na wengi wetu wakavuka ziwa hadi Kigoma. Mungu aliyekuwa nao njiani ndiye aliyekuwa nasi.

Basi, ndugu kiongozi, unapoandika majina ya waliokimbia, usiulize kabila. Uliza: watoto wangapi hawajala?