Beji Nyeupe, Beji Nyekundu: Kulinganisha Utamaduni wa Kazi katika Kampuni Kubwa za Teknolojia

Maandishi mengi kuhusu kampuni kubwa za teknolojia za Marekani huanzia kwenye chakula cha bure na kaulimbiu zilizobandikwa ukutani. Edgar Schein, katika kitabu chake cha 1985 kuhusu utamaduni wa taasisi, alikwisha kuonya kwamba vitu vya namna hiyo ni tabaka la juu tu. Chini yake yamo maadili yanayotangazwa, na chini zaidi zimo imani ambazo watu wamezizoea hata hawazitaji tena. Makala hii inashikilia kwamba imani hizo za chini huonekana vizuri mahali pawili: kwenye kipimo anachopimwa nacho mfanyakazi, na kwenye mpaka kati ya anayehesabiwa kuwa wa nyumbani na asiyehesabiwa.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Microsoft. Kwa miaka mingi kampuni hiyo iligawa madaraja ya utendaji kabla ya kazi yenyewe kufanyika. Mwandishi Kurt Eichenwald alieleza hesabu yake mwaka 2012 katika jarida la Vanity Fair: katika timu ya watu 10, hata wote wawe mahodari, 2 watapewa sifa ya juu, 7 ya kawaida, na 1 ataandikiwa kuwa hafai. Mhandisi aliyemo kwenye timu hiyo afanyeje? Jirani yake akikwama kwenye hitilafu ya programu, akimsaidia anajishusha mwenyewe. Akijiunga na timu ya mahodari anajitafutia daraja la chini, kwa hiyo mahodari hukwepana. Hapakuhitajika mtu mwenye roho mbaya. Hesabu peke yake ilitosha kuwagombanisha. Microsoft iliufuta utaratibu huo Novemba 2013, na Satya Nadella akashika uongozi Februari 2014. Simulizi iliyozoeleka humpa Nadella sifa zote za mageuzi, pamoja na mafundisho aliyoyachukua kwa mwanasaikolojia Carol Dweck kuhusu moyo wa kutaka kujifunza. Anastahili sifa nyingi kati ya hizo. Hata hivyo, kipimo kiliondoka kwanza ndipo mahubiri yakaja, na sidhani kama wito wa kushirikiana ungeota mizizi kipimo kile kikiwa bado kipo.

Amazon ilifuata njia yake. Mwaka 2004 Jeff Bezos alipiga marufuku PowerPoint katika vikao vya viongozi wake wa juu. Tangu hapo, mwenye pendekezo huandika waraka usiozidi kurasa 6, kwa sentensi kamili. Kikao huanza kwa ukimya: watu wenye vyeo vizito wameinamia karatasi, kalamu mkononi, na huenda nusu saa ikapita kabla mtu hajafungua kinywa. Waraka hauandikwi jina la mtu kwa kuwa ni wa timu nzima, na husomwa palepale kwa kuwa Bezos alijua wakubwa hujifanya wamesoma. Naupenda utaratibu huu kwa dhati. Unamkata makali msemaji hodari mwenye hoja dhaifu, na mpole mwenye hoja nzito anapata kusikilizwa. Lakini toka chumba hicho uingie ghalani. Huko mfanyakazi hupimwa kwa skana aliyoishika: ameshughulikia vitu vingapi kwa saa, na skana imekaa bila kusoma kitu kwa dakika ngapi. Ukimya uleule ambao kwa meneja ni nafasi ya kufikiri, kwa mpanga bidhaa ni kosa analotakiwa kulitolea maelezo. Aprili 2022 wafanyakazi wa ghala la JFK8, Staten Island mjini New York, waliamua kuunda chama chao kwa kura 2,654 dhidi ya 2,131.

Netflix nayo ilisema waziwazi, katika slaidi zilizotolewa na Reed Hastings mwaka 2009, kwamba anayefanya kazi ya kuridhisha tu atapewa kiinua mgongo kinono na kuagwa. Ni sera ngumu, ila anayeingia anaijua mapema.

Google ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ilijenga picha ya chuo kikuu kuliko zote. Barua ya waasisi wake ya 2004 kwa wanahisa ilisema kwamba wafanyakazi huhimizwa kutenga asilimia 20 ya muda wao kwa kazi wanayoona itaifaidi kampuni zaidi. Novemba 1, 2018, wafanyakazi wapatao 20,000 walitoka nje ya ofisi duniani kote kupinga namna kampuni ilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono, nao walisikilizwa kwa sehemu. Lakini gazeti la New York Times liliripoti kwamba kufikia Machi 2019 Google ilikuwa na waajiriwa 102,000 wa kudumu, na vibarua na wafanyakazi wa kampuni za kati wapatao 121,000. Wa kudumu walivaa beji nyeupe, hao wengine nyekundu. Utafiti unaowahoji wenye beji nyeupe peke yao umeueleza utamaduni wa waliokuwa wachache.

Mpaka huo unafika hadi kwetu. Nairobi ina wahandisi wa Microsoft na wa Google, na ina vijana waliokuwa wakichuja video za mauaji na ukatili kwa ajili ya Facebook huku mikataba yao ikiwa ya kampuni nyingine. Mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Meta, kampuni mama ya Facebook, mwaka 2022. Mei 1, 2023, zaidi ya wachujaji 150 walikutana jijini humo wakapiga kura kuunda chama chao. Meta ilijitetea kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.