Shoka Ndani ya Bawa

Mara ya kwanza nilifika Kariandusi kwa matatu ya Nakuru. Ukishapita Gilgil, unamwambia konda akushushe, halafu unatembea. Nilitarajia mifupa, nikakuta mawe: mashoka ya mkono kwa wingi, mengine ya kioo cheusi cha volkano, yamelala palepale yalipofukuliwa. Louis Leakey na kikosi chake walianza kuchimba hapa mwishoni mwa miaka ya 1920. Umri wa mashoka hayo unakadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja.

Nikauliza swali la kijinga: mnajuaje hili ni shoka na lile ni jiwe tu? Aliyekuwa akitutembeza akajibu kwa neno moja: umbo. Unapima urefu, upana, na mahali jiwe lilipo nene zaidi. Siku hizi watafiti huweka nukta kwenye picha ya shoka na kuiachia kompyuta ilinganishe. Njia hiyohiyo hutumiwa kwenye mabawa ya nzi, na hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu wa Makueni, mkulima wa maembe.

Mwaka 2003, nzi wa matunda asiyejulikana Afrika alionekana pwani ya Kenya. Anataga mayai ndani ya embe, funza wanakula, nawe unakata tunda zuri kumbe ndani ni uozo mtupu. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina: Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Tatizo ni kwamba alifanana mno na ndugu yake wa Asia, Bactrocera dorsalis. Rangi hazikusaidia sana, maana hata ndani ya jamii moja zinabadilika. Ikabidi, pamoja na vipimo vingine, bawa nalo lipimwe.

Bawa la nzi ni kama ramani ya barabara: mishipa inakutana na kuachana. Mtafiti analing'oa, analibandika kwenye kioo, anapiga picha kwa hadubini, kisha anaweka nukta pale mishipa inapokutana. Kompyuta inaondoa tofauti za ukubwa, mahali na mwelekeo, na kinachobaki ni umbo tu. Hilo ni muhimu, kwa sababu funza aliyekosa chakula atakuwa nzi mdogo, lakini mpangilio wa mishipa yake kwa kiasi kikubwa bado utafuata ukoo wake.

Mbung'o ndiye rahisi kuliko wote. Katikati ya bawa lake kuna sehemu iliyozungukwa na mishipa, yenye umbo la shoka, ambayo nzi wengine hawana. Ukiiona, huhitaji kompyuta kujua kwamba huyu ni mbung'o. Utaihitaji kujua ni mbung'o yupi.

Kwa mvamizi wetu, mabawa, DNA, tabia za kujamiiana na harufu vyote viliwekwa mezani, na mwaka 2015 uamuzi ukatolewa: ni dorsalis yuleyule. Jina invadens likafutwa. Cha kuchekesha ni kwamba kuna aliyekuwa ameshatambua. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kituo cha icipe cha Nairobi kilileta kutoka Hawaii nyigu mdogo, Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya dorsalis. Alipokutana na mayai ya “mvamizi”, hakusubiri jopo la wataalamu. Alitaga.

Lakini jina lina bei. Soko la nje halitaki funza, na linataka kujua ni funza wa nani, anatoka wapi, na anauawa vipi. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi hao, na mauzo hayakurudi hadi 2021. Miaka saba, bana. Katika miaka hiyo mjomba aliuza kwa madalali waliokuja na bei yao mfukoni.

Nilimpigia kumweleza kwamba nzi wake amebadilishwa jina.

“Na maembe yangu?” akauliza.

Juzi nikamtumia picha ya bawa kwa WhatsApp, nukta zote zikiwa mahali pake, nikidhani atafurahia. Alikawia kujibu. Kisha akaandika: “Mimi hata bila bawa namjua, mwanangu. Nataka ajulikane kule wanakonunua.”