Duka kubwa lililowahi kuja Shinyanga

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu wa Shinyanga aliyetaka saruji au bati hakuanzia dukani. Alianzia ofisini, kutafuta kibali. Akikipata, alikwenda nacho RTC, Kampuni ya Biashara ya Mkoa, na mara nyingi alikuta mzigo haujafika. Nyumba zilisimama kuta bila paa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Shinyanga, wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka kandokando ya stesheni, wakiuza misumari, bati na majembe. Almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940, iliongeza wenye mishahara, lakini biashara iliendeshwa na pamba. Msimu ukiwa mzuri, bati lilitoka. Ukiwa mbaya, lilikaa. Mwenye duka aliwajua wakulima wake, na aliyemwamini alimkopesha hadi mavuno.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilibadili mambo. Kampuni kubwa za uagizaji, zikiwemo Smith Mackenzie na A. Baumann, zilitaifishwa na kuunganishwa kuwa Shirika la Biashara la Taifa, STC. Baadaye kila mkoa ukapata RTC yake, na vifaa vya ujenzi vikawa mikononi mwa kampuni ya umma, BHESCO. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na maduka mengi ya watu binafsi vijijini yakafungwa. Nia ilikuwa njema: mlanguzi asimnyonye mkulima. Lakini baada ya Vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, viwanda vikazalisha chini ya uwezo wake, na duka kubwa la Serikali likabaki na rafu tupu. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, bidhaa zilizofichwa zilikamatwa, ila uhaba haukuisha.

Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Maduka ya hadiwea, yaani ya vifaa vya ujenzi na zana, yakachipua tena, na safari hii yalikuta mteja mpya: mchimbaji mdogo wa dhahabu. Machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu na Bulyanhulu yalihitaji sururu, nyundo, patasi, kamba, karai na pampu za kuvuta maji. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hapati fedha mpaka mawe yasagwe na dhahabu ipatikane, kwa hiyo muuza duka aliyekubali kusubiri ndiye aliyepata mteja. Ukopeshaji wa msimu wa pamba ulihamia machimboni.

Migodi mikubwa ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na Buzwagi 2009, haikununua misumari kaunta. Mitambo ilitoka ng'ambo. Hata hivyo mishahara yake ilijenga Kahama, na Geita ikajengeka zaidi ilipokuwa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012. Kanuni za madini za mwaka 2018 zikaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Mlango umefunguliwa, lakini duka moja lenye mtaji mdogo haliwezi kujaza oda ya mgodi.

Hapo ndipo ninapoona hatari. Mwenye duka mdogo wa mji wa machimbo kama Katoro au Kakola hununua mifuko michache ya saruji kwa bei ya juu, huku mwenye ghala anayechukua lori zima akipata bei ya kiwandani. Ushindani huu umeua maduka mengi duniani. Huko Marekani, Home Depot ilianzishwa mwaka 1978 na kuyazidi nguvu maduka madogo mengi. Yaliyosalia, mengi yalisalia kwa kununua pamoja: Ace Hardware, iliyoanzia Chicago mwaka 1924, leo inamilikiwa na wenye maduka wenyewe.

Usukuma haihitaji kwenda Chicago kujifunza hilo. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao kuwa Victoria Federation, wakauza pamba kwa sauti moja. Wenye hadiwea wa leo wanaweza kununua kwa sauti moja. Historia yetu imeonyesha kuwa duka kubwa lisilomjua mteja hubaki na rafu tupu, na kwamba duka dogo linalomjua hufa likiwa peke yake. Wakiagiza lori moja la saruji kwa jina la wote, kila mmoja atarudi kwenye kaunta yake na daftari lake la wadeni, akiuza kwa bei ambayo fundi wa Katoro ataimudu.